Kiraka Kinachopotea Umeme Ukikatika

Gatumba, nchini Burundi, njiani kuelekea mpaka wa Uvira, fundi wa kompyuta huzoea mitambo inayozimika bila kuaga. Umeme hukatika, jenereta hukosa mafuta, na Aprili 2020 mto Rusizi wenyewe uliingia majumbani. Kwa seva yenye diski, kuzimika ni usumbufu. Kwa seva inayovuta mfumo wake kupitia mtandao kila inapowaka, huo ndio wakati wa kujua kama viraka vya usalama viliwekwa kweli.

Hayo yalitukuta katika ofisi moja ya huku. Jumamosi jioni tuliweka kiraka kwenye seva tatu za ESXi, mfumo wa VMware wa kuendeshea mashine pepe, alama zikawa kijani, tukaenda zetu. Usiku wa Jumapili umeme ukakatika. Jumatatu namba ya toleo ilikuwa ileile ya zamani. "Mkubwa, kuna mtu ameingia akakitoa?" kijana wangu akaniuliza.

Hakuna aliyekitoa. ESXi inayowashwa kwa Auto Deploy ya VMware, kama zilivyokuwa zetu, huishi ndani ya RAM. Ikiwaka huomba anwani kwa DHCP, huelekezwa ilipo seva ya TFTP na faili la kuanzia, kisha huvuta picha ya mfumo kutoka vCenter, programu inayosimamia seva hizo. Ukiweka kiraka kwenye mashine inayofanya kazi, umekiweka kwenye RAM, na RAM ikikosa umeme haibaki na kitu. Fundi cherehani akirekebisha gauni moja na kuiacha karatasi ya kukatia ilivyo, gauni la kesho litatoka na kasoro ileile. Kinachotakiwa kutiwa kiraka ni picha.

Ndiyo maana chombo cha viraka cha vCenter, kisipobadilishwa mpangilio, huziruka seva za aina hii. Unaweza kukiruhusu, ila kwa viraka visivyohitaji kuwasha upya tu. Mimi hukiruhusu siku ya dharura, na siku hiyohiyo naanza kutengeneza picha mpya.

Kutengeneza picha si kazi ngumu. Katika PowerCLI pakia ghala jipya la VMware, tengeneza nakala ya picha unayotumia, ongeza vifurushi vipya, na usisahau dereva wa kadi ya mtandao kutoka kwa mtengenezaji wa seva. Dereva akikosekana, seva itawaka lakini haitaonekana mtandaoni. Kisha badilisha kanuni ya Auto Deploy ielekeze kwenye picha mpya.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kanuni imebadilika, seva imewashwa upya, toleo bado la zamani! vCenter hukumbuka picha iliyoipa seva hiyo mara ya kwanza na huendelea kuitoa hiyohiyo. Pima kwa Test-DeployRuleSetCompliance, sahihisha kwa Repair-DeployRuleSetCompliance, hamishia mashine pepe kwingine, weka seva katika hali ya matengenezo, ndipo uiwashe upya. Ikiwaka, andika `esxcli software profile get` usome jina la picha. Usitegemee rangi ya kijani.

Jina likiwa bado la zamani, chunguza akiba. Seva yenye diski ndogo au USB inaweza kuwekewa nakala ya picha ya kutumia pale Auto Deploy isipopatikana. Huenda imewaka kutoka huko kwa sababu vCenter ilikuwa bado haijaamka. Na ikiwa haiwaki kabisa, sahau viraka kwanza: tazama DHCP inatoa anwani, chaguo 66 na 67 ni sahihi, na mlango wa UDP 69 haujafungwa. Seva za BIOS na za UEFI hutaka mafaili tofauti ya kuanzia. Kubadilisha mpangilio huo mmoja tu kwenye seva kunatosha kukupotezea asubuhi nzima.

Anayeona uvivu wa haya yote akumbuke Februari 2023, programu ya kudai fidia iitwayo ESXiArgs ilipofunga mafaili ya maelfu ya seva za ESXi duniani. Tundu lililohusishwa nayo VMware walikuwa wamelitolea kiraka Februari 2021.

Jambo moja zaidi kwa sisi wa umeme wa kusuasua: vCenter, DHCP na TFTP zisikae ndani ya seva zinazozitegemea ili ziwake. Tulizihamishia kwenye kompyuta ndogo yenye diski yake na betri yake, tukaiweka kwenye rafu ya juu kabisa, maji ya Rusizi yasiifikie.