Smuthi ya Nyumbani: Protini Iko Shambani

Si lazima mkazi wa Meru au Embu anunue kopo la unga wa protini ili anywe smuthi yenye lishe. Glasi ya maziwa ina takriban gramu 8 za protini, na vijiko viwili vikubwa vya siagi ya njugu huongeza gramu 7 hivi.

Mahitaji ya mtu mmoja: glasi ya maziwa, ndizi mbivu moja, robo ya avokado, majani mawili ya sukuma wiki au konzi ya terere, na vijiko viwili vya siagi ya njugu.

1. Chemsha maziwa, kisha yaache yapoe. Maziwa mabichi huweza kuambukiza bruselosisi.
2. Osha mboga kwa maji safi. Terere ichemshwe dakika mbili na kukamuliwa.
3. Saga mboga na maziwa kwanza, kisha ongeza vilivyobaki. Kunywa mara moja, bila sukari.

Tahadhari: njugu zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupwe. Kuzikaanga hakuondoi sumu ya aflatoksini, ambayo mwaka wa 2004 iliua watu 125 waliokula mahindi yaliyochafuka Makueni, Kitui na maeneo jirani. Hifadhi njugu zikiwa zimekauka vizuri.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee. Wenye ugonjwa wa figo au kisukari wapate ushauri katika kituo cha afya kwanza.