Usisubiri Aseme

Kijitabu cha kaya kuhusu usonji na mahali pa kupata msaada, kwa wakazi wa Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Ilala na Upanga

La kwanza

Usisubiri aseme.

Kwa nini tunaanza na hilo

Mtoto mwenye usonji mara nyingi hufikishwa hospitali baada ya shule kumkataa. Ana miaka sita au saba. Mwalimu wa darasa la awali amesema mtoto hatulii, haitiki jina lake, anapiga mayowe kengele ikilia, na mzazi ametakiwa ampeleke kwanza akaangaliwe. Mama akiulizwa alianza lini kuwa na wasiwasi, hutaja mwaka mmoja na nusu. Hapo katikati imepita miaka minne na ushee, na haikupita kwa uzembe, maana mama aliuliza. Mama mkwe akamwambia watoto wa kiume huchelewa kusema. Jirani akamwambia wa kwake alikuwa kimya mpaka miaka minne na leo anauza nguo Mtaa wa Kongo, anaizidi spika kwa kelele. Baba akasema mtoto amefuata ukoo. Ushauri wote huo ulitolewa kwa upendo, na wote ulikuwa na neno moja ndani yake: subiri.

Neno hilo linatugharimu kuliko usonji wenyewe. Piga hesabu kama mtu wa biashara. Mtoto akipelekwa kliniki akiwa na miezi 20, ikaonekana alikuwa anachelewa tu, umepoteza nauli na asubuhi moja ya kufungua duka. Akiachwa mpaka miaka sita, ikawa ni usonji, umepoteza miaka ambayo mtoto hujifunza kuwasiliana kwa wepesi zaidi. Hasara hizo mbili hazikai kwenye mzani mmoja. Wale jamaa wa "alichelewa, mbona sasa anaongea" ni wa kweli, hatuwakatalii. Lakini tunawasikia kwa sababu waliongea. Waliosubiriwa na wasiongee hawasimuliwi barazani. Wako ndani, mlango umerudishwa.

Hiyo ya watoto wa kiume ndiyo mbaya zaidi. Duniani usonji hugundulika kwa wavulana mara tatu au zaidi kuliko kwa wasichana, kwa hiyo mtoto anayeambiwa asubiriwe ndiye hasa wa kuwahishwa. (Wasichana nao hupita bila kuonekana, kwa kuwa mtoto wa kike akiwa kimya husifiwa kwa adabu.) Wala si jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, katika kila watoto 1,000 wa mtaani, kama 8 wana usonji. Ukipita shuleni usiwaone, usidhani hawapo.

Usonji ni nini

Si laana, si malezi mabaya, hauambukizi. Ni tofauti anayokuwa nayo mtoto tangu mwanzo katika kuwasiliana, kuchangamana na kuhisi vitu.

Dalili za kukutoa nyumbani

Mtoto wa miezi 12 ambaye hapungi mkono, hanyooshi kidole kuonyesha kitu, wala hatoi zile sauti za "bababa" na "mamama". Mtoto wa miezi 16 asiye na neno hata moja. Mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili yake mwenyewe, kama "maji nataka" au "baba njoo". Kurudia tangazo la redio kama kasuku hakuhesabiwi. Mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno akayapoteza: huyo asilale nyumbani wiki nzima bila kuonwa. Ongeza na haya: haitiki jina lake ila anasikia mfuko wa biskuti ukifunguliwa chumba cha pili, hakuangalii usoni, anakushika mkono akaupeleka kwenye jagi badala ya kuomba, anapanga vizibo vya soda mstari mmoja saa nzima na ukikigusa kimoja nyumba inawaka. Angalia pia masikio. Huku kwetu kuna spika za matangazo, honi za bodaboda na jenereta, na mtoto anayeziba masikio na kujitupa chini katikati ya Mtaa wa Msimbazi mara nyingi hana jeuri yoyote, anaumia. Kumchapa hapo ni kumchapa mtu aliyeungua. Dalili moja peke yake haithibitishi usonji, na si kazi yako kuthibitisha. Kazi yako ni kwenda. Usisubiri aseme.

Anzia dirisha unalolijua

Watu wengi wanadhani safari hii inaanzia kwa daktari bingwa, na kwa kuwa bingwa hawamjui, hawaanzi. Inaanzia kliniki ya mtoto, palepale unapompeleka kupimwa uzito. Shida ya siku ya kliniki inajulikana: foleni ndefu, mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, nukta inawekwa kwenye kadi, chanjo, anayefuata. Uzito ukiwa mzuri unaambiwa hongera, na hakuna aliyeuliza kama mtoto anaongea. Basi usingoje kuulizwa. Sema hivi, neno kwa neno: "Mwanangu ana miezi 20, hasemi, na haonyeshi kitu kwa kidole. Naomba apimwe masikio, na naomba rufaa." Maneno hayo yanampa muuguzi kitu cha kuandika. "Mwanangu ana matatizo" hayampi kitu.

Kutoka hapo, kwa mkazi wa Kariakoo, njia si ndefu. Kuna hospitali za Mnazi Mmoja na Amana, na juu yake Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, unakofika hata kwa miguu na yenye idara za magonjwa ya watoto, masikio na afya ya akili. Nenda na barua ya rufaa. Kipimo cha masikio kitangulie, maana mtoto asiyesikia vizuri naye hachangamki wala hasemi, na msaada wake ni mwingine. Kwa wenye matatizo ya viungo pamoja na haya, hospitali ya CCBRT kule Msasani ina huduma za utengamao kwa watoto. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, jirani kabisa na Kariakoo, huchanganya watoto wenye ulemavu na wasio nao. Walimu wa elimu maalumu wanawajua watoto hawa kuliko wengi wenye vyeti ukutani, kawaulize.

Na uelewe jambo hili: huna haja ya kuandikiwa jina la usonji ndipo uanze. Mazoezi ya kumsaidia mtoto asiyesema ni yaleyale mwanzoni, awe na usonji, awe amechelewa tu. Kuna wazazi wanaokaa mwaka mzima wakisubiri karatasi yenye jina. Huko nako ni kusubiri.

Mtaalamu wa kumchagua

Utakutana na majina mengi. Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo humsaidia mtoto kuwasiliana. Wa tiba kwa vitendo hufundisha kula, kuvaa, kushika, kuvumilia sauti na mguso. Mwanasaikolojia tiba huangalia tabia na hisia, na mshauri nasaha humsikiliza mtoto mkubwa au mzazi. Hawatoshi nchini, na wa mazungumzo ndio wachache zaidi. Wengine hulichukua hilo kama hoja ya kukata tamaa: mtaalamu mmoja, watoto wote hawa, saa moja kwa wiki, itasaidia nini? Hesabu yao ni sahihi, ila jibu lake ni jingine. Wiki ina saa 168. Ukitoa za usingizi, mtoto ana saa themanini na kitu akiwa macho, na karibu zote yuko na nyinyi: mama, dada wa kazi, bibi, kaka zake. Saa moja ya mtaalamu ikiishia kwa mtoto peke yake, ni tone. Ikikufundisha wewe namna ya kuzitumia hizo themanini, ni mtaji. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo kwa ajili ya walezi wenyewe, yanayoweza kuendeshwa hata mahali ambapo wataalamu ni haba.

Kwa hiyo mtaalamu mzuri ni yule anayekukalisha chumbani na kukuonyesha. Mfano wa anachoweza kukuonyesha: keti chini, macho yako yalingane na ya mtoto. Shika andazi karibu na mdomo wako. Sema "andazi," neno moja tu. Nyamaza sekunde tano. Akitoa sauti yoyote, akiangalia, akinyoosha mkono, mpe hapohapo kipande, useme tena "andazi". Mara kumi kwa siku, kila chai. Sekunde tano hizo ndizo kusubiri pekee kunakoruhusiwa katika kijitabu hiki.

Kabla ya kulipa, uliza amesomea nini na wapi, amesajiliwa na nani, amefanya kazi na watoto wasiosema kwa muda gani, mtakuwa mnafundishwa nini cha kufanya nyumbani, na baada ya miezi mitatu mnategemea kuona nini. Ondoka akikuahidi kuwa mtoto atapona kabisa. Ondoka akikataa usiingie chumbani. Ondoka akitaka malipo ya mwaka kwa mkupuo. Ondoka akipiga, akifunga kamba, akimnyima mtoto chakula, na kwa hayo piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina gharama. Usimnyweshe mtoto "dawa ya kusafisha sumu" wala kitu chochote chenye klorini. Hakuna dawa inayotibu usonji. Dawa za hospitali hutolewa kwa mambo yanayouandama, kama kifafa au kukosa usingizi, na za kifafa usizikatishe ghafla hata mtoto akionekana mzima.

Katuni za simu

Simu haimfundishi mtoto kusema; anayemfundisha ni mtu anayemjibu.

Wanayotujibu watu

"Sina pesa." Sera ya afya inataka mtoto chini ya miaka mitano atibiwe bure katika vituo vya serikali, na hiyo ni sababu nyingine ya kutongoja afike sita. Kwa asiye na uwezo, kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii inayoshughulikia msamaha. Fika huko kabla ya dirisha la malipo. Zaidi ya hapo, linganisha na kinacholipwa kwingine. Kuku wawili, ubani, nauli ya kwenda mkoani kwa mtaalamu wa majini na kurudi: familia inayosema haina pesa za kliniki mara nyingi imeshazitumia.

"Tuko kwenye maombi." Endeleeni. Sala na kliniki havigombani, na shehe au mchungaji mwenye hekima atakwambia hivyo. Ugomvi unaanza pale unapoambiwa uache hospitali ili imani yako ionekane.

"Mwanangu si mwehu." Wapo wanaosikia afya ya akili wakaiona hospitali ya Mirembe ya Dodoma mbele ya macho yao, wakageuza bajaji. Lakini idara hiyo ndiyo yenye watu waliosomea tabia na hisia za watoto, kama idara ya meno ilivyo na watu wa meno. Kuingia mlango huo hakumwandiki mtoto ukichaa. Na tuseme ukweli, majirani wanajua tayari. Chumba cha kupanga kwenye nyumba ya vyumba nane hakifichi kilio cha mtoto. Kinachofichika ni msaada, maana hakuna atakayekuelekeza kwa jambo unalokana.

"Ni chanjo." Uvumi huu ulitokana na makala ya daktari mmoja Uingereza ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010 na daktari akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000, na waliochanjwa surua hawakupata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa. Kinachowachanganya wazazi ni kalenda: dozi ya pili ya surua hapa kwetu hutolewa miezi 18, umri uleule ambao ukimya wa mtoto huanza kuonekana. Ukimwacha bila chanjo, usonji utabaki palepale, na surua utakuwa umeiongeza.

Mlezi naye

Mama wa mtoto huyu halali vizuri, ameacha kwenda harusini, biashara yake imekufa au inakufa, na mara nyingi analaumiwa na upande wa mume kama vile alimnunua mtoto huyo dukani. Akianza kulia bila sababu, kuchoka kila asubuhi, kukosa hamu ya kula au kusema afadhali afe, hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika. Aonwe kituo kilekile anakompeleka mtoto. Mwenye wazo la kujiua au kumdhuru mtoto asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na apelekwe siku hiyohiyo. Akina baba, kumwachia mke kliniki zote na kisha kuuliza jioni "wamesemaje" hakuhesabiwi kuwa kulea. Kaa kwenye benchi naye.

Sokoni na barabarani

Wengi wa watoto hawa huchoropoka, hawaogopi gari wala mwendokasi, na wakipotea hawajui kutaja jina. Andika namba yako ya simu kwa wino usiofutika kwenye pindo la kila shati lake. Mjulishe mwenye duka la pembeni, mlinzi wa nyumba na vijana wa kijiwe cha bodaboda kuwa mtoto huyu haitiki akiitwa. Funika ndoo na mapipa ya maji. Usimfunge kamba, usimfungie chumbani ukaenda sokoni. Moto wa umeme haumsubiri mtu arudi na funguo.

Siku ya kwenda

Beba kadi ya kliniki, maji, chakula anachokikubali na kile kitu kinachomtuliza, hata kama ni kizibo. Mrekodi kwa simu siku moja kabla, dakika mbili tu: anavyocheza, anavyoitwa asiitike, anavyolia. Mbele ya daktari anaweza kukaa ametulia kama maji ya mtungi, ukaonekana wewe ndiye mwenye hofu. Wahi asubuhi, kaa mwisho wa benchi penye kelele ndogo. Ukiambiwa urudi baada ya miezi sita, usiinuke kwenye kiti. Uliza utakuwa unafanya nini nyumbani katika miezi hiyo sita, na uandikiwe kwenye daftari.