Kibarua Naye ni Mfanyakazi



Neno "kibarua" limetokana na barua. Zamani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, na baada ya kazi alikirudisha ili alipwe ujira wake. Kikaratasi kile kilikuwa ushahidi wake. Leo jina limebaki, lakini vibarua wengi hawana karatasi yoyote.

Jambo hili limetugusa sisi wenyewe. Tulipokagua daftari la malipo ya ujenzi katika usharika mmoja, tulikuta mlinzi aliyeandikwa "kibarua" kwa miaka miwili mfululizo. Alipougua na kulazwa wiki tano, malipo yake yalisimamishwa na mtu mwingine akawekwa getini. Tulipouliza tulijibiwa: "Yule ni kibarua tu, hana mkataba." Nasi tuliridhika na jibu hilo. Ni mpaka mkewe alipokuja ofisini kuulizia ndipo tulipofungua sheria.

Sheria inasemaje?

Kwa Tanzania Bara ziko sheria mbili kuu za mwaka 2004: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na Sheria ya Taasisi za Kazi. Tunajifunza mambo manne.

1. Jina si hoja. Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo hata dalili moja kati ya zilizotajwa. Baadhi yake ni hizi: anapangiwa saa au namna ya kufanya kazi, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea kiuchumi anayempa kazi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Mlinzi wetu alikuwa na dalili hizi zote.

2. Kuandika ni wajibu wa mwajiri. Mwajiriwa apewe kwa maandishi maelezo ya kazi yake, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Mwajiri akishindwa kuonyesha maandishi hayo kwenye shauri, mzigo wa uthibitisho unamwangukia yeye. Kwa hiyo "hana mkataba" si kinga ya kamati.

3. Ugonjwa una haki zake. Mwajiriwa aliyetimiza miezi 6 kazini na mwenye cheti cha daktari ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara.

4. Muda wa kudai ni mfupi. Anayeona ameachishwa kazi isivyo haki hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Hata hivyo, sheria ina pengo. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii aliyemfanyia mwajiri kazi kwa chini ya miezi 6, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Hapo ndipo wanapoumia watu wa msimu: wavunaji, wabeba tofali, wapishi wa semina. Marekebisho yoyote ya sheria yawafikirie hao kwanza.

Tulifanya nini?

Tulikaa na mlinzi yule, tukakokotoa wiki zake tano na kumlipa. Fedha ilitoka fungu la mabati, na paa likachelewa. Tunawaeleza wafadhili wazi: bajeti isiyo na haki za wafanyakazi ni bajeti pungufu, na kosa lilikuwa letu.

Maswali ya kujadili

1. Usharika wetu una walinzi, wapishi, walimu wa chekechea na mafundi wangapi? Nani kati yao ana maandishi?
2. Akiugua mmoja wao kesho, atalipwa kutoka fungu gani?
3. Mkiandika andiko la mradi, gharama hizo mmeziweka wapi?

Kabla ya toleo lijalo, kila kamati iwe imeandika orodha yake. Tuanze na getini kwetu.