Kuitengeneza Baiskeli Nyumbani

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali mwezi wa Septemba 2025, nayo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika Afrika, vijana kadhaa wa shule yetu wameniuliza habari za baiskeli zile zenye tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Wengi huzinunua za mtumba. Swali lao la kwanza ni jinsi ya kuziba pancha. Mimi huwaambia waanze na breki, na sababu yangu ni hii.

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha tatu, nikikaa Kawempe. Nalikuwa na baiskeli ya namna hiyo, nami nikijisifu kwa usafi wake: kila Jumapili niliifuta fremu na kuisugua kengele hata ikang'aa. Lakini njia ya mjini ilinipitisha Bwaise, na kila mtu wa Kampala aijua Bwaise wakati wa mvua. Maji na matope hupanda mpaka kwenye mnyororo. Kwa muda wa siku tatu nilisikia sauti ya kukwaruza kila nilipofunga breki, nikadhani ni mchanga. Siku ya nne nilimpakia mdogo wangu juu ya keria niliyoifunga mwenyewe, tukateremka mlima wa Makerere kuelekea Wandegeya. Breki ya nyuma haikushika kitu. Nikaivuta ya mbele kwa nguvu zote, waya ukakatika. Mbele yetu palikuwa na njia panda na magari, basi nikauchagua mtaro. Mimi nilichubuka magoti tu, bali mdogo wangu alivunjika mkono wa kulia, asiweze kuandika mitihani ya muhula ule.

Fundi wa mtaani kwetu alizifungua raba za breki akaniwekea kiganjani. Mpira ulikuwa umekwisha, kimebaki chuma. "Kengele umeisugua," akasema, "na hizi je?"

Basi tazama raba kwanza. Zina mifereji iliyochongwa usoni. Mifereji ikitoweka, nunua nyingine, wala usingoje. Zile ambazo bado ni nzima, zichokoe kwa sindano, maana vijiwe na vipande vya chuma hujificha ndani yake vikaila rimu. Raba sharti iguse rimu kwa uso wake wote. Ikipanda juu itaikata tairi, ikishuka chini itaingia katika spoki. Rimu ifutwe kwa maji na sabuni, na mafuta yasiifikie hata tone moja.

Kisha utazame waya mahali unapoingia katika mkono wa breki, kwa kuwa ndipo unapopindwa kila siku. Ukiona uzi mmoja tu umekatika, badili waya wote. Jaribio ni rahisi: sukuma baiskeli mbele kwa mikono, ushike breki ya mbele. Gurudumu la nyuma likiinuka, breki ni nzima. Breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, maana unaposimama uzito wote hukimbilia mbele; lakini katika mteremko tumia zote mbili, polepole, tangu juu. Na baiskeli hizi hazikuundwa kumbeba mtu wa pili. Nilipaswa kulijua hilo.

Sasa mnyororo. Wengi huumwagia mafuta juu ya matope, yakachanganyika na mchanga yakawa kama msasa. Usugue kwanza kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, uukaushe kwa kitambaa, ndipo utie tone moja katika kila kiungo, uzungushe pedali, ufute yaliyobaki nje. Mafuta ya kupikia hayafai, huganda yakanata. Tena chukua rula. Katika mnyororo mpya, viungo 24 vina urefu wa inchi 12 kamili toka pini hadi pini. Vikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua mnyororo. Vikizidi kwa 1/8, huenda meno ya friwili nayo yameliwa, na gharama itakuwa kubwa zaidi.

Pancha si kazi kubwa. Toa tyubu kwa vijiko vya tairi, si kwa bisibisi. Itie upepo, izamishe majini uone mapovu. Kabla ya kuirudisha, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi uutafute mwiba, maana mwiba ukibaki utaziba pancha ile ile mara mbili. Paka solusheni, ungoje ikauke hata isinate sana kidoleni, ndipo ubandike kiraka. Vumbi la chaki ya darasani likinyunyizwa juu yake huzuia tyubu isigandane na tairi. Ukikuta matundu mawili yaliyokaribiana, usilaumu mwiba: upepo ulikuwa mdogo, ukapita juu ya shimo, rimu ikaibana tyubu. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na tairi nyembamba hutaka mwingi kuliko nene.

Kunyosha gurudumu lililopinda mwachieni fundi mpaka mjifunze mbele yake. Jambo moja zaidi, kwa kuwa nimeona wengi wakivunja spana kwa ajili yake: pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa kufungia nati nyingine zote.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima. Akija kuniazima baiskeli, hainiulizi kama ni nzima. Huiinamia kwanza, akazitazama raba, akaisukuma mbele na kuifunga breki, ndipo apande.