Mkangazi Mchanga Si Mwarobaini: Somo la Kuutambua Mti Kabla ya Kukata



Kiwanja kinaposafishwa kwa ujenzi, miche huhukumiwa kwa haraka. Mwenye panga husema, “Hii ni nim tu,” akafyeka. Nim, yaani mwarobaini, ni mgeni aliyetoka Bara Hindi. Huenda aliyefyekwa ni mkangazi, mahogani ya asili ya nchi yetu, ambayo huweza kufikia kimo cha mita 30. Na ikiwa mti huo ulitunzwa na jirani mpakani, shauri hufika kituoni: mlalamikaji anaonesha kisiki, mlalamikiwa anaapa kwamba hakujua.

Huenda anasema kweli, kwani mkangazi hubadilika umbo kadiri unavyokua. Mche huanza na majani sahili, kila kikonyo kikiwa na jani moja. Baadaye hutoa majani ya mchanganyiko, ambayo kila kikonyo hubeba majani madogo yaliyopangwa jozi jozi, kwa kawaida jozi 3 au 4, pengine hata 7. Gome nalo ni laini na la kijivu ujanani; uzeeni huwa jeusi kiasi, lenye magamba. Anayeujua mkangazi kwa gome la mti mkubwa hawezi kumtambua mtoto wake.

Tazameni ukingo wa jani. La mwarobaini lina meno kama msumeno na limepinda kama mundu. La mkangazi halina meno. Kuonja, ambako wengi hukutegemea, hakusaidii hata kidogo: miti hii ni ya ukoo mmoja na yote ni michungu. Matunda yangetosha kumaliza ubishi, kwa kuwa la mwarobaini ni dogo, laini, la manjano, na la mkangazi ni gumu, la mviringo, hupasuka sehemu nne na kutoa mbegu bapa. Ila mti mchanga hauna tunda.

Wasafirishaji wa mbao nao wafahamu kwamba mwaka 2022, mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliiweka mikangazi ya Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa.

Penye shaka, chumeni jani zima pamoja na kikonyo chake. Kwa mti wa mpakani, mwiteni jirani na mzee wa mtaa waushuhudie ungali umesimama.