Ganzi ya Unyayo kwa Wafanyakazi wa Reli: Usiipuuze

Voi ni mji wa reli. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, inapita hapa, na tangu 2017 treni za SGR zina kituo chake. Wengi wetu tuna ndugu au jirani anayepata riziki kwa kukarabati njia ya treni. Somo hili ni lake, na la walio nyumbani, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuona mguu unaburutwa.

Kokoto za reli huwa na kingo kali ili zishikane na kuzuia mataruma yasisogee. Uzuri kwa treni, taabu kwa mguu: anayezikanyaga kutwa hapati pahali palipo sawa, na kifundo hupinda kila mara. Nyuma ya mfupa wa kifundo, upande wa ndani, neva hupita katika njia nyembamba pamoja na mishipa ya damu na kano. Kifundo kikivimba, neva hubanwa. Unyayo huwaka moto, huchomachoma au hufa ganzi, na wengi husumbuka zaidi usiku.

Neva nyingine hupita karibu na ngozi, chini kidogo ya goti upande wa nje. Fundi akichuchumaa muda mrefu akikaza vifungo vya reli, neva hiyo hubanwa. Akiinuka, mguu haunyanyuki mbele na vidole vinakwaruza ardhi. Watu husema, "Umekufa ganzi tu, utaamka." Ukiamka baada ya dakika chache, sawa. Usipoamka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wakati wa kazi, inuka na ujinyooshe mara kwa mara.

Buti nazo zina lawama. Zikibana vidole, neva iliyo kati ya kidole cha tatu na cha nne huvimba, na mtu huhisi kama amekanyaga kijiwe kisichokuwepo. Kamba zikikazwa mno, juu ya mguu hufa ganzi. Jaribu buti jioni, mguu ukiwa umejaa, na uvae soksi za kazini.

Ganzi ya miguu yote miwili, inayopanda polepole kutoka vidoleni, huenda ni kisukari, pimwa sukari. Mweleze daktari kazi unayofanya hata asipouliza.

Wengi hukosa haki yao kwa sababu kifundo kiliteguka, wakafunga kitambaa, wakarudi kazini bila kumwambia mtu. Mjulishe msimamizi mara moja na uhakikishe imeandikwa. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, mwajiri akishajulishwa ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na dai la fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Weka nakala ya karatasi za hospitali nyumbani, si kwenye kabati la kazini.