SOMO LA IJUMAA: DAMU KATIKA MSWAKI WA MTOTO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo tunasema na wazazi, na akina baba kwanza, kwa sababu kazi hii tumezoea kuwaachia akina mama peke yao. Mtoto anapiga mswaki asubuhi, anatema, mate yana damu. Analia. Anaambiwa: basi, acha mpaka upone. Ndugu yangu, kosa linaanzia hapo. Mara nyingi damu ile haikuletwa na mswaki. Imetoka kwa sababu fizi, yaani nyama inayoshika meno, zimekwisha kuugua, na zimeugua kwa kukosa mswaki.

Ugonjwa unakuja hivi. Vijidudu vya mdomoni vinajenga utando laini juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Ndio ukoga. Ukiachwa siku kadhaa, fizi zinavimba, zinakuwa nyekundu, zinatoa damu zikiguswa, na mdomo unanuka. Ukikaa zaidi unakuwa mgumu kama jiwe, na hapo brashi haiuwezi tena, mpaka munganga wa meno. Lakini ukisafishwa mapema, kila siku, kwa kawaida fizi zinapona ndani ya wiki moja au mbili. Basi usimwachishe mtoto mswaki. Punguza nguvu ya mkono tu. Wiki mbili zikipita damu ingali inatoka, nenda kwa munganga, maana kuna magonjwa mengine yanayojificha humo.

Wengine wanasema: hayo ni meno ya utoto, yataanguka. Kweli, yanaanza kuanguka kwenye miaka 6 hivi. Lakini ufizi hauanguki. Ndio utakaoyapokea meno ya ukubwani.

Na sisi tuna udhuru gani? Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba, lau si kuchelea kuutia umma wake katika mashaka, angeuamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Katika kila udhu tunasukutua. Mtoto tunamwamrisha sala akifika miaka 7, lakini jino la kwanza linatoka kwenye miezi 6. Usingoje sala. Jino likitokea, lisafishe.

Mara mbili kwa siku inatosha, na ile ya usiku kabla ya kulala ndiyo kubwa. Brashi iwe laini, ya mtoto mwenyewe, isitumiwe na ndugu zake watatu. Dawa ya meno iwe yenye floridi: kwa aliye chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele, kutoka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Sugua pale ufizi unapoanzia, nje na ndani, kama dakika mbili. Mpaka miaka 7 hivi mkono uwe wako, maana yeye atacheza na povu. Bomba likikauka, kama tunavyolijua, kikombe kimoja cha maji safi kinatosha.

Mti wa mswaki wanaotuletea mahujaji ni sunna na unasafisha vizuri, ila kwa mtoto mdogo unaweza kumchoma ufizi. Ngoja akue. Unga wa makala usimpe, unakwangua meno. Wanaouliza juu ya Ramadhani: baada ya futari na baada ya daku hakuna hitilafu. Na baba anayesema brashi ni ghali, tumtazame kwanza ametumia kiasi gani kwa yunite za simu.

Sasa sikilizeni jambo zito zaidi. Kuna ugonjwa unaoitwa noma. Unaanza kama kidonda cha ufizi tu, wenye damu na harufu mbaya. Baada ya siku chache shavu linavimba, kisha nyama inaoza, hata mfupa. Unawashika zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6, walio dhaifu kwa njaa, au waliotoka katika surua au malaria, na mdomo wao hausafishwi. Bila matibabu wengi mno wanakufa. Anayepona anabaki na uso ulioharibika. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliutia katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Nasi surua tunaijua: mlipuko ulioanza 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo yetu.

Noma si uchawi, wala haiambukizi. Basi mtoto asifichwe chumbani kwa aibu. Ikikamatwa kwenye ufizi bado, inatibiwa kwa dawa za kuua vijidudu, kuoshwa mdomo na chakula chenye nguvu.

Kwa hiyo mtoto akitoka katika surua, fungua mdomo wake kila siku penye mwanga, uinue mdomo wa juu na ushushe wa chini. Msukutulishe maji vuguvugu yenye chumvi kidogo kama anaweza kutema. Pamoja na bukari mpe maharage, samaki, yai, lenga-lenga. Ukiona kidonda kinachonuka au shavu linavimba, usipitie kwa muuza vidonge wa sokoni. Mpeleke siku ile ile kituo cha afya, au Hospitali Sendwe, hata ikiwa ni Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.